Rasimu ya Nne

Nimetengeneza karatasi miaka ishirini na sita
pale kiwandani, ukingoni mwa mto, Maine ya kaskazini,
na juu ya karatasi zote hizo sikuwahi kuandika
ila jina langu, Réal Ouellette, na saa ya kuingia zamu.
Leo kiwanda ni kuta tu. Nami, na mvi zangu,
nakalia dawati la nyuma, chumba namba kumi na mbili,
chuo cha jioni, kozi ya uandishi:
insha ya kurasa tano, kabla theluji haijayeyuka.

Rasimu ya kwanza niliifungua kwa mbwembwe:
"Tangu kuumbwa kwa ulimwengu, binadamu amefanya kazi."
Bi. Averill, mwalimu wetu, ambaye husahihisha kwa penseli
kwa sababu, asema, wino una kiburi,
aliipiga mstari aya nzima, pambizoni akaacha neno moja:
"Ulikuwepo?"

Darasa lilicheka. Nami nilicheka, masikio yakiniwaka.

Ya pili nikaijaza tarakimu: tani kwa siku,
kipenyo cha roli, joto la silinda,
mwaka wa mgomo, mwaka wa kufungwa.
Tukabadilishana insha, wawili wawili.
Mwenzangu, Kaylin Pomerleau, miaka kumi na tisa,
anukiaye mafuta ya chipsi kwa kuwa hutoka kazini moja kwa moja,
alisoma akitafuna kifuniko cha kalamu,
kisha akaweka kidole ukurasa wa nne, chini kabisa,
penye sentensi niliyoipenyeza
kama mtu aliyechelewa kanisani:
"Pia kulitokea ajali."

"Pia?" akauliza.
Basi. Akarudi kutafuna kifuniko chake.

Ya tatu: "Mashine iliwashwa.
Lucien Thériault akapoteza vidole viwili."
Bi. Averill akaizungushia duara herufi w,
si ya kwanza, ile ya pili,
iliyojibanza kabla ya a ya mwisho.
Akaandika: "Na nani?"

Miaka kumi na mmoja nimeishi nyuma ya herufi hiyo.
Ni nyembamba, lakini mtu mzima anaenea.
Ripoti ya kiwanda ilisema iliwashwa.
Chama cha wafanyakazi kilisema iliwashwa.
Mke wangu nilimwambia iliwashwa,
naye akazima taa, akalala;
niliyewashwa ni mimi,
mwili mzima, hadi alfajiri, nisijue pa kujikuna.

Jumapili usiku, mezani jikoni,
nilifuta. Nikaandika. Nikafuta.
Vumbi la kifutio likajaa kwenye sahani ya siagi.
Saa nane ilikuwa imebaki hii:
"Niliwasha mashine. Sikuangalia."
Sentensi mbili, maneno matatu,
na zile tani, na vile vipenyo,
vikasogea vyenyewe kuzipisha.

Printa ya maktaba iliitema ingali moto.
Nikaisugua kwa kidole gumba, mazoea tu:
gramu sabini na tano, laini mno, si yetu.

Ilirudi na alama nzuri kuliko nilivyostahili,
na mstari mmoja wa penseli chini ya ukurasa wa tano:
"Hitimisho lina haraka ya kusamehewa."
Niliusoma ndani ya gari mara tatu,
wepa zikipangusa kioo kikavu.

Ijumaa nikampelekea Lucien nakala.
Aliisoma mlangoni, amesimama, kofia kichwani.
Hakunikaribisha. Hakunifukuza.
Mbwa wake alininusa viatu, akachoka, akaingia ndani.
Kisha Lucien akaomba penseli,
akaishika kwa vidole vitatu vilivyosalia,
akakata "Jumatano," juu yake akaandika "Jumanne,"
akanirudishia karatasi zangu.

"Na mvua ilinyesha pia," akasema.
"Hukuiandika."